Mkate wa Siku Tatu na Mahindi ya Miezi Sita

Katika jiko la kawaida la Dar es Salaam au Mombasa, boflo lililofungwa kwenye mfuko wake huanza kuota madoa ya kijani siku ya tatu au ya nne. Nyanya iliyopasuka haimalizi siku mbili. Mchuzi wa nazi uliopikwa mchana, ukiachwa mezani, huwa umechacha kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Kwenye kona ya jiko hilohilo limeegemezwa gunia la mahindi lenye miezi sita, na juu yake kopo la karanga, na hakuna anayevitazama mara mbili, kwa sababu havinuki wala havijabadilika rangi. Kutokana na hayo watu wamejijengea mpangilio wa woga: kinachoharibika upesi ndicho cha kuogopwa, kinachokaa ndicho cha kuaminiwa. Leo nataka kudai kwamba mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kasi ya chakula kuota ukungu inatueleza mengi kuhusu maji, chumvi, sukari na joto, lakini haitupimii sumu. Na katika nchi zetu, chakula kilichoua watu wengi kwa sababu ya ukungu ni kilekile tunachokiita chakula cha akiba.

Tuanze na kasi yenyewe, maana ina mantiki yake. Chembe za uzazi za kuvu zimetapakaa hewani. Zinatua juu ya mkate mara tu unapotoka tanurini na kupoa, zimo kwenye ungo, kwenye meza, kwenye mikono yetu. Kwa hiyo swali si kama zitafika bali kama zikifika zitapata maji. Na hapa kuna jambo la kutofautisha: maji yaliyomo ndani ya chakula, na maji ambayo vijidudu wanaweza kuyatumia. Halua ya Zanzibar ni laini na ina maji, ila sukari imeyashika maji hayo na haiyaachii. Ng'onda ina maji kidogo, na hayo machache yameshikwa na chumvi. Wataalamu wa chakula hupima maji yaliyo huru kwa kipimo kinachoanzia sifuri na kuishia moja. Nyama mbichi, samaki, nyanya na maziwa viko kwenye 0.98 au zaidi, na mkate uko karibu na 0.95. Bakteria wengi waharibifu hushindwa kukua chini ya 0.91. Kuvu ni wavumilivu zaidi: wengi huendelea mpaka 0.80, wachache hufika 0.70 na kushuka kidogo, na chini ya 0.60 hakuna kijidudu kinachokua. Asali iko karibu na mpaka huo wa mwisho, ndiyo maana hukaa miaka. Ukielewa hivyo, mengi ya jikoni yanajieleza. Samaki mbichi hunuka kabla ya kuota ukungu kwa sababu bakteria ni wepesi kuliko kuvu na maji wanayo tele. Mkate huota ukungu badala ya kunuka kwa sababu ukavu wake huwapunguza kasi bakteria na kuwaachia kuvu uwanja. Chungwa nalo linalindwa na ukali wake dhidi ya bakteria, lakini kuvu hawaujali sana ukali, ndiyo maana huvaa unga wa kijani. Anayefunga mkate ungali moto anaufupishia maisha, kwa kuwa mvuke unaotoka ndani unagota kwenye mfuko na kurudi juu ya ganda kuwa umande. Friji hupunguza mwendo wa haya yote bila kuyakomesha, na umeme ukikatika mchana kutwa, mwendo hurudi palepale.

Hata hivyo kasi ya kuharibika haitokani na ukungu peke yake, na hili ndilo la kwanza linalotia doa mpangilio wetu wa woga. Muhogo ukishang'olewa huanza kuwa na mistari ya buluu na nyeusi ndani ya siku mbili au tatu, na wengi hudhani ni ugonjwa wa ukungu. Kwa sehemu kubwa ni muhogo wenyewe: kidonda cha kung'olewa huamsha mabadiliko ndani ya nyama yake hata kabla kijidudu hakijafika. Kinyume chake, katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa upande wa Tanzania, na hata Uganda na Msumbiji, kuna utaratibu wa kumenya muhogo, kuurundika na kuufunika siku kadhaa mpaka uote ukungu kwa makusudi. Kisha ukungu hukwanguliwa, muhogo ukaanikwa na kusagwa. Kazi ya kuvu hapo ni kulainisha muhogo na kusaidia kuondoa sumu ya sianidi iliyomo kwenye mihogo michungu. Yaani ukungu unaoonekana wazi, mwingi, wa makusudi, unatumika kuondoa sumu. Upande wa pili, wali uliolala nje usiku kucha huweza kumtapisha mtu asubuhi ingawa hauna doa wala harufu, kwa sababu kuna bakteria ambao chembe zao hustahimili kupikwa, huamka wali unapopoa polepole, na hutoa sumu ambayo kuupasha moto kiporo hakuiondoi. Macho na pua ni walinzi wazuri wa ladha. Kwa sumu ni walinzi wa kubahatisha.

Kuna kundi la watu ambao wamelipeleka jambo hili upande mwingine kabisa. Wao husema mkate wa kiwandani usioota ukungu kwa wiki nzima hauwezi kuwa chakula. Kama hata kuvu wameukataa, wewe unaula kwa nini? Picha za baga iliyokaa mezani miezi bila kuoza zimezunguka sana mitandaoni kwa hoja hiyohiyo. Ni hoja inayonasa haraka, lakini haisimami. Baga nyembamba ikiachwa wazi kwenye hewa kavu hukauka kabla kuvu hawajapata muda wa kuishika, na nyama ya kusaga ya nyumbani, ikiwa na ukubwa na unene uleule, hufanya vivyo hivyo. Iweke kwenye mfuko uliofungwa unaohifadhi unyevu na utauona ukungu wako. Mkate nao mara nyingi hutiwa kalsiamu propionati, chumvi ya asidi ambayo pia hutokea yenyewe katika aina fulani za jibini, na ambayo bakteria wa utumbo wetu huitengeneza kila siku wanapomeng'enya nyuzinyuzi. Kuvu wa mkate hawaipendi. Mwili wa binadamu unaichoma kama asidi nyingine fupi za mafuta. Sisemi kwamba mkate mweupe ni lishe bora, hilo lina mjadala wake na silitetei. Ninachokataa ni hukumu ya kutumia kuvu kama mwonjaji wa mfalme. Chakula ambacho baadhi ya kuvu wanakipenda sana, punje ya mahindi na punje ya karanga, ndicho kinachoweza kutuua. Wangekuwa waonjaji wabaya sana.

Sasa tuje kwenye hilo gunia. Mwaka 1960 huko Uingereza, zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa katika muda mfupi kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Uchunguzi uliishia kwenye chakula chao: mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Ndani yake walikuta kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na kutoka kwa kuvu huyo sumu ambayo dunia inaiita aflatoksini. Sisi tunaiita sumukuvu, ingawa jina hilo ni pana na linaingiza sumu nyingine za kuvu pia. Tangu hapo ilianza kujulikana kwamba kuvu huyu anapenda hasa mazao yenye mafuta na wanga yanayolimwa kwenye joto: karanga, mahindi, mbegu za pamba, korosho, viungo vya aina fulani. Hahitaji maji mengi kama ukungu wa mkate. Kipimo cha maji huru kikifika kama 0.80 anaweza kukua, na joto la nyuzi 30 ndilo raha yake. Kwa maneno mengine, anaishi vizuri palepale ambapo mkulima anaona zao lake limeshakauka. Na sumu anayoitoa haina rangi, haina ladha na haina harufu. Punje inaweza kuwa na ukungu wa kijani uliojaa isiwe na sumu nyingi, kwa kuwa si kila kuvu wa aina hiyo hutengeneza sumu. Na punje nyingine ikawa safi machoni ilhali sumu ilishaingia na kuvu wenyewe wakafa.

Nadhani ushahidi mzito zaidi uko kwa majirani na nyumbani. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa wilaya za Makueni na Kitui, watu walianza kufika hospitali wakiwa na macho ya njano na matumbo yaliyovimba. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo waliohesabiwa walikuwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Hapo awali, mwaka 1981, wilaya ya Machakos ilikuwa imepata mlipuko wa aina hiyohiyo. Wachunguzi wa mwaka 2004 walipokusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka sokoni, asilimia 55 zilikuwa juu ya kiwango kilichoruhusiwa wakati ule, mikrogramu 20 kwa kilo, na asilimia 7 zilivuka mikrogramu 1,000. Tanzania nayo, kati ya Mei na Novemba 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata wagonjwa 68 na vifo 20. Katika matukio hayo hakuna aliyekula mkate uliooza. Walikula ugali.

Tazameni majina ya maeneo hayo. Makueni na Kitui, na kwa Tanzania Chemba na Kondoa za Dodoma, na Kiteto ya Manyara: yote ni maeneo makavu. Mtu angetegemea ukungu uue Tanga au Bukoba, kwenye mvua na hewa nzito, na hapa ndipo wengi hukosea kuielewa hatari hii. Kuvu huyu hasubiri ghala, huanzia shambani. Mvua ikikatika wakati mhindi unabeba, mmea unachoka, kinga yake inashuka, ganda la punje linapata nyufa, wadudu wanatoboa, na kuvu waliomo kwenye udongo na mavumbi wanaingia. Halafu yakitokea yaliyotokea Makueni na Kitui mwaka 2004, mahindi yaliyoteswa na ukame yanavunwa yakiwa na unyevu, kisha yanaingizwa ndani ya nyumba. Huko Kenya watu wengi waliweka mahindi mabichi ndani wanamolala badala ya kuyaacha kwenye ghala la nje, na wachunguzi waliona kwamba nyumba zilizoweka mahindi yenye unyevu ndani ndizo zilizougua zaidi. Njaa ilikuwa karibu na wizi ulikuwa unatarajiwa, kwa hiyo uamuzi huo ulikuwa na akili yake. Dumuzi naye, mdudu aliyeingia Tanzania kutoka Amerika ya Kati miaka ya 1970, anamalizia kazi: anatoboa punje na kuacha unga, na kundi kubwa la wadudu linapopumua ndani ya gunia linatoa joto na mvuke. Kuvu wenyewe wanapumua vilevile na kutoa maji. Ndiyo sababu gunia lililoanza kuharibika haliharibiki kwa mwendo ule ule. Huharibika kwa kuongeza mwendo, na anayeingiza mkono katikati ya gunia kama hilo huhisi joto kabla ya kuona chochote.

Kwa watu wa pwani kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Kiwango kinachotajwa cha kuhifadhi mahindi ni unyevu wa asilimia 13.5. Namba hiyo haikuokotwa tu. Punje kavu hubadilishana maji na hewa inayoizunguka, na asilimia 13.5 ni takriban pale ambapo mahindi hutulia yakikaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 70, kiwango ambacho kuvu wengi hawakimudu. Sasa, hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja hupita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mahindi yaliyokauka barabara Dodoma, yakiletwa pwani na kuwekwa kwenye gunia la katani au kiroba kinachopitisha hewa, hurudi kunywa maji. Hakuna aliyeyamwagia, hewa imefanya. Mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, kama ule wa PICS ambao awali ulitengenezwa kwa ajili ya kunde huko Kameruni, unafaa kwa sababu mbili: hewa ya nje haiingii, na wadudu walio ndani wanamaliza oksijeni na kufa. Lakini mfuko huo hautoi maji yaliyomo. Anayefungia humo mahindi mabichi amefungia tatizo.

Pingamizi la kwanza nalijua, nalo ni la haki: babu zetu walikula mahindi haya, wakila na vumbi lake, na waliishi. Jibu ni kwamba sumukuvu ina sura mbili, na sura inayoua kwa wiki mbili ndiyo adimu. Nyingine hufanya kazi kimyakimya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka aflatoksini kwenye kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo hakuna shaka kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu, na kiungo kinacholengwa ni ini. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B anapokula sumu hii kwa miaka, hatari mbili hizo hazijumlishwi tu, zinazidishana. Mzee aliyefariki kwa tumbo kuvimba miaka ya nyuma hakuandikiwa popote kwamba ni mahindi. Aliambiwa ni ini, au ni bandama, au alirogwa. Kwa hiyo kusema waliishi ni kuwahesabu waliobaki. Na kuna watoto. Tafiti za Afrika Magharibi na za huku kwetu zimeona uhusiano kati ya sumu hii na kudumaa, japo bado unajadiliwa ni sehemu gani ya kudumaa inatokana na sumu yenyewe na ipi inatokana na umaskini unaokwenda nayo. Hata tukiuacha mjadala huo wazi, lipo jambo la kutia wasiwasi: uji wa lishe tunaomsisitizia mama amkorogee mtoto wa miezi sita mara nyingi ni unga wa mahindi uliochanganywa na karanga, mazao mawili yanayopendwa kuliko yote na kuvu huyu. Ushauri wenyewe si mbaya, mtoto anahitaji mafuta na protini. Lakini kumwambia mama achanganye bila kumwambia achanganye punje za namna gani ni kumpa nusu ya ushauri.

Pingamizi la pili ni moto. Ugali unachemka, karanga zinakaangwa, basi sumu itakufa. Kuvu atakufa, ndiyo; sumu haina uhai wa kuua. Maji yanayochemka yana nyuzi 100, na aflatoksini inastahimili joto linalopita nyuzi 200. Kuchoma karanga hupunguza kiasi fulani, hakumalizi. Wengine hutoa mahindi mabovu yakapikiwe pombe, au humwagia kuku na ng'ombe. Pipa la pombe haliimalizi sumu. Na ng'ombe aliyelishwa pumba zenye sumukuvu hutoa sehemu ya sumu hiyo kwenye maziwa, ikiwa imebadilika umbo kidogo, na maziwa hayo humrudia mtoto yuleyule tuliyemtaja kwenye uji. Pingamizi la tatu nalikubali zaidi: kwamba akina mama wamekuwa wakipeta, wakichambua na wakikoboa tangu zamani, na kazi hiyo ni kinga. Ni kweli, na wataalamu walichelewa kuiheshimu. Sumu haikai sawasawa kwenye gunia. Punje chache hubeba sehemu kubwa, na hizo mara nyingi ni zile zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi. Kuzitoa hupunguza sumu sana. Kukoboa pia hupunguza, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu imo kwenye ganda na kiini. Hapo mpenzi wa dona anaingia kwenye utata usio na jibu rahisi: dona ina vitamini na nyuzinyuzi ambazo sembe imezipoteza, lakini dona ya mahindi yasiyochambuliwa inamletea mlaji punje nzima pamoja na kilichomo. Mimi ningemshauri aendelee na dona, ila achambue kabla ya mashine na asinunue iliyokwisha kusagwa bila kujua mahindi yalikuwaje. Chambuachambua haifikii punje iliyo safi machoni yenye sumu ndani, kwa hiyo mama wa ungo anapunguza hatari, hawezi kuimaliza peke yake.

Wapo watakaouliza kama haya yote hayafanyi mkate wenye ukungu uwe halali. La. Mkate ni laini na una vitundu, nyuzi za kuvu husafiri ndani yake mbali kuliko doa linaloonekana, na hujui ni kuvu wa aina gani. Utupe. Ninachosema ni kwamba mkate unajitangaza. Ukiharibika unakuonyesha, na hasara yake ni boflo moja. Gunia halijitangazi, na hasara yake ni msimu.

Kinachobaki ni kwa nini, baada ya zaidi ya miaka 60 tangu sumu hii ijulikane, mahindi yenye unyevu bado yanafika sokoni. Wataalamu hupenda kusema ni elimu, na ndiyo, ipo sehemu ya elimu: kuanika kwenye turubai au kichanja badala ya udongoni, kuvuna kwa wakati, kutumia kuvu rafiki wasiotoa sumu, kama bidhaa iitwayo Aflasafe inayosambazwa shambani ili kuwanyima nafasi wale wenye sumu. Lakini nadhani tunakwepa hesabu moja. Chukua kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18. Ukiyaanika mpaka yafike 13.5, unabaki na takriban kilo 95. Kilo tano zimekwenda na jua. Kama mnunuzi analipa bei ileile kwa kilo, au anapima kwa debe na kujaza rumbesa, basi mkulima aliyekausha vizuri ameadhibiwa, na jirani yake aliyeuza mapema mahindi mabichi amelipwa kwa maji. Ghala la taifa hapa Tanzania na bodi ya nafaka ya Kenya huweka kiwango cha 13.5 na huwa na mashine ya kupima, lakini sehemu kubwa ya mahindi yetu haipiti huko. Inapita kwa mchuuzi mwenye lori ambaye hupima kwa kuuma punje kwa meno. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikalegeza kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Huku kwetu wengi waliliona zuio hilo kama fitina ya kibiashara, na siwezi kusema biashara haikuwemo. Lakini tukifanya hesabu, mikrogramu 10 kwa kilo ni gramu moja ya sumu ndani ya tani 100, yaani malori zaidi ya matatu ya tani 30, na hakuna afisa wa mpakani anayeweza kuiona hiyo kwa macho. Tena kwa kuwa sumu imejibana kwenye punje chache, kipimo cha konzi moja kutoka gunia moja kinaweza kusema mzigo ni safi na kingine cha gunia la pili kikasema mchafu, bila yeyote kudanganya. Mpaka ni mahali pabaya pa kuanzia. Kazi ingetakiwa kufanyika pale mahindi yanapouzwa mara ya kwanza, kijijini, kwa kulipa bei ya juu kwa yaliyokauka.

Na kwa hilo hata mashine si lazima iwe ya kwanza. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje za mahindi kiasi cha robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayo bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuingia gunia. Ikianguka chini yote, yako chini ya hapo, na siku moja au mbili za jua zaidi zitayasogeza kuelekea 13.5. Chupa hiyo haipimi sumu, na mahindi yaliyoingiliwa shambani inaweza kuyapitisha. Lakini mnunuzi na muuzaji wanaweza kuitazama pamoja, hapo hapo kwenye mizani, kabla ya kutaja bei.